Maji ya Kiyoyozi cha Gari la Macho

Stela mwanangu,

Kosa linalofanywa na wengi wanaofunga kiyoyozi kwenye gari ni kufikiria ubaridi tu na kusahau maji. Wanauliza kitapooza kiasi gani, kitakula umeme kiasi gani, kitapendeza upande upi. Hawaulizi maji yatatokea wapi. Na maji lazima yatoke, kwa sababu hewa ya joto ina unyevu, na ukiipoza unyevu ule hugeuka matone, kama chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Hayo niliyafundisha darasani kwa miaka ishirini na tisa. Kisha nikafunga kiyoyozi kwenye gari lako, na nikakosea hapohapo, kwenye maji.

Ninaandika alasiri. Wewe uko kwa shangazi yako unasukwa, na baba yako yuko uani anaosha vioo vya gari kwa kopo moja la maji na kitambaa, ustadi ambao mtu huupata akiishi Newala tu. Kesho unaondoka kwenda kupima macho vijijini, na nyumba yako itakuwa hilo gari. Sitakuandikia habari za kula, kulala wala kufunga milango. Hayo umeyasikia tangu una miaka sita na unayafanya vizuri kuliko mimi. Nataka kukueleza jinsi kiyoyozi kile kilivyofungwa, kwa ukweli wake. Tulipokifunga ulikuwa Masasi unafuatilia karatasi za kibali chako, na uliporudi ulisimuliwa habari iliyokwisha kupigwa pasi.

Unaikumbuka siku ile ya kwanza Chiungutwa? Gari lilikuwa bado linanuka basi la shule. Ulikuwa umeng'oa viti, ukaweka kiti kimoja cha mgonjwa, ubao wa herufi mwisho wa chumba, na mapazia meusi kila dirisha, maana macho hayapimwi vizuri palipo na mwanga mwingi. Hukufikiria, wala mimi sikufikiria, kwamba basi la bati lenye mapazia meusi saa sita mchana ni tanuri. Yule mzee wa kwanza alivumilia mstari mmoja, halafu akageuka.

"Mwanangu," akasema, "hapa unanipima macho au unanikaanga kama korosho?"

Alivua shati, akasoma mistari mitatu iliyobaki kifua wazi. Wa pili alisoma haraka haraka ili atoke. Wa tatu aliondoka katikati. Ulirudi nyumbani ukaniambia, "Mama, bila ubaridi hakuna kazi," na ukaingia kulala bila kula. Kesho yake nikaanza kusoma habari za viyoyozi.

Hapo ndipo kiburi changu kilipoingia, nacho kiliingia kimevaa nguo nzuri. Baba Asha, fundi friji wa nyuma ya soko, ambaye ametengeneza friji yetu mara tatu na redio ya babu yako mara moja, alisikia na akaja mwenyewe kusema atasaidia. Nikamwambia asante, kazi ya kufunga nitaifanya mimi, yeye aje siku ya gesi tu. Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja, na hakuna aliyekuwa ameniuliza swali la fizikia tangu siku ile ya keki na hotuba. Nilitaka kuulizwa swali.

Tundu la kwanza la kupitishia mabomba nililitoboa nikiwa nje ya gari. Nilipima kwa futi, nikaweka alama ya chaki, nikashika drili. Ilizama vizuri kwenye bati, kisha ikalia, ikanuka, ikakwama. Nyuma ya bati palikuwa na ubavu wa chuma wa bodi, na mtu aliyepima kutoka nje hawezi kuuona. Baba yako alikuwa ameshika ngazi ambayo haikuhitaji kushikwa.

"Mama Stela," akauliza, "na hilo nalo limo kwenye mtaala?"

Tundu la pili nililipima kutoka ndani, nikagongagonga kwanza kusikia penye chuma na pasipo na chuma, likakaa sawa. La kwanza bado lipo. Lile jicho kubwa lililochorwa nyuma ya gari, ambalo unawaambia watu kuwa ni wazo la mama yako kwa ajili ya biashara, mboni yake ni kifuniko cha plastiki nilichokigandisha kwa silikoni. Fundi rangi alinisaidia kuzungushia jicho. Watu wakaanza kuliita Gari la Macho, nami nikapokea sifa. Uongo huo wa kwanza ni mdogo, na naona haya kidogo tu kuukiri.

Siku ya gesi Baba Asha alikuja na begi lake. Hakugusa kitu. Alilizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akaitazama mashine ya nje niliyoifunga kule nyuma kwenye fremu ya chuma.

"Mwalimu," akasema, "mashine hii imetengenezwa kwa ajili ya ukuta wa nyumba. Nyumba haiendi Tunduru."

Tukaifungua. Chini ya kila mguu wake akaweka kipande kinene cha raba iliyokatwa kwenye tairi. Mabomba ya shaba, ambayo mimi nilikuwa nimeyanyoosha kama rula, akayazungusha duara moja kama mkia wa nguruwe. Gari likitikisika, duara lile hucheza. Bomba lililonyooka halina pa kucheza, hupasuka. Nati alizikaza kwa vidole, halafu kwa spana, akafika mahali akaacha. Mimi ningeongeza nusu mzunguko, kwa usalama. Alinionyesha kipande cha shaba alichokihifadhi kwenye begi, kimepasuka kama ua. "Huyu aliongezewa nusu mzunguko," akasema. Nimejifunza mengi maishani kwa watu walionikataza kuongeza.

Kisha akaunganisha pampu ya kunyonya hewa. Ndani ya mabomba haitakiwi kubaki hewa wala unyevu, gesi peke yake. Pampu iliponguruma vya kutosha akaizima, akafunga, akaitazama sindano ya geji. Ikirudi, kuna mahali panavuja.

"Sasa tukae," akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka chai iishe."

Tukanywa chai, birika zima. Sindano haikusogea. Akafungulia gesi, tukawasha, na baada ya dakika chache baba yako alikwenda kuvaa koti la harusi yetu, akakaa kwenye kiti chako cha mgonjwa, akasoma ubao wote wa herufi kwa sauti kama anasoma somo kanisani. Majirani walikuja kuketi wanne wanne. Hakuna aliyeamini kwamba paneli zile za sola juu ya paa na betri zile chini ya benchi ndizo zinazotoa baridi hiyo.

Kabla hajaondoka, Baba Asha alishika mpira mdogo wa kutolea maji, ule unaotoka kwenye kichwa cha ndani, akauelekeza chini, nyuma ya gari.

"Mwalimu, huu ushuke tu. Usipande popote. Hata kidole kimoja."

"Ninajua, Baba Asha. Ni somo la kidato cha kwanza."

Kweli nilikuwa nalijua. Tatizo lilianza alipoondoka, nikabaki peke yangu na kile kiyoyozi, na maji yakaanza kudondoka chini, tone, tone, tone, mchangani.

Stela, umekua tayari tuna tenki la maji ya mvua pembeni ya nyumba, na likiisha maji huja kwa madumu mlangoni. Mimi nimekua wakati mama yangu alikuwa akishuka bondeni kukiwa bado giza na kupanda na ndoo kichwani jua likiwa limeshachoma. Alituogesha watatu kwa kopo moja, akianza na aliye msafi zaidi, na maji yaliyosalia yalikwenda kwenye mchicha. Sijawahi kuona maji safi yakimwagika mchangani nikaweza kuendelea na shughuli nyingine. Niliweka kopo pale. Lilijaa kabla sijamaliza kumenya mihogo ya mchana. Nikaanza kupiga hesabu za siku nzima, za wiki nzima, nikaona nyanya zangu zinakunywa kiangazi chote.

Nikachukua dumu, nikalifunga kwenye fremu kule nyuma, pembeni ya mashine ya nje, ili ukiwa safarini maji yote yaingie humo. Lakini mdomo wa dumu ulikuwa ng'ambo ya chuma cha fremu. Ili mpira ufike, ilibidi upande kidogo, upite juu ya chuma kile, kisha ushuke ndani ya dumu. Nilichukua pima maji, ile rula ya mafundi yenye kipovu, nikapima. Mahali mpira ulipopanda juu kabisa palikuwa chini kwa vidole viwili kuliko trei inayokusanya matone ndani ya kiyoyozi. Maji yangepita. Nikaufunga kwa kamba, mafundo matatu, nikawasha, na yakapita kweli. Dumu likajaa. Nilimwagilia nyanya, nikamwambia kila aliyepita. Nilichosahau ni kwamba uwanja wetu uko sawa kama meza.

Ulipokwenda kupima watu Makote, uliegesha gari kwenye mteremko, pua ikielekea bondeni. Nyuma ikawa juu kuliko mbele. Vidole vyangu viwili vikaisha, na kilele cha mpira kikawa juu kuliko trei. Maji hayakuweza kukipanda, yakarudi ndani, yakajaa kwenye trei, yakafurika. Unalijua lililofuata vizuri kuliko mimi. Yule bibi alikuwa ameketi chini ya kiyoyozi, jicho moja limezibwa, anasoma herufi. Tone la shingoni, la pili, kisha mkondo mzima. Na yeye, mtu wa huku kweli, hakupiga kelele wala hakuinuka. Alisema, "Leteni beseni jamani, yasipotee."

Tumecheka sana juu ya bibi yule. Hatujacheka juu ya kilichofuata. Ile mashine yako ya kupimia macho ililowa, ikakaa wiki tatu inakaushwa na kurekebishwa, na watu wa Makote uliowaahidi kurudi waliendelea kukusubiri. Siku ileile ulinitumia picha kwa simu uone kama nitaelewa kimetokea nini. Nilielewa. Niliiangalia ile picha ya gari limeinua nyuma yake mlimani, nikaona mpira wangu na mafundo yangu matatu, na nikaelewa yote kabla sijamaliza kupumua.

Uliporudi, ukiamini mpira ule aliufunga yeye, tulikwenda wote wawili kwa Baba Asha. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Palikuwa na wateja watatu, mmoja ameshika feni mapajani. Ulisimama mlangoni ukasema, "Wewe fundi, umeniharibia mashine. Kama kazi huiwezi, si useme?"

Hukumwamkia. Mtu aliyekushika mkono siku unaanza shule, mzee kuliko baba yako.

Yeye aliweka koleo mezani. "Marahaba, mwanangu," akasema, kama vile salamu ameisikia.

Wateja wakacheka chini chini, ukageuka ukaondoka kwa hasira. Nami nikakufuata. Ningeweza kusema pale pale, kwa sentensi moja fupi. Lakini niliwaona wale watu watatu. Mmoja wao nilimfundisha. Nikajiambia nitakueleza nyumbani. Nyumbani nikajiambia nitakueleza hasira ikipoa. Baba Asha alikuja kesho yake, wewe hukuwepo. Alitazama mpira, akanitazama mimi, nami nikatazama mpira. Akakata kamba, akaushusha, akaenda zake. Ulipouliza nikakwambia, "Imerekebishwa," nikakuachia wewe uamue ni kosa la nani.

Imepita miezi miwili. Ukienda sokoni unazunguka njia ya mbele, usipite mlangoni kwake. Jina lake hulitaji, unasema "yule". Nilivumilia hayo, nikijiambia ni hasira za ujana. Lakini juzi nilikusikia ukimwambia mwenzio kwa simu asipeleke friji kwake, eti anaharibu vitu vya watu. Hapo nikaona uoga wangu umetoka nyumbani na sasa unakula kazi ya mtu. Na nikaona jambo jingine tena: unakwenda kuishi barabarani na mashine ambayo hapa Newala anayeijua kila nati ni mtu mmoja tu, na mtu huyo humwamkii, kwa sababu yangu.

Jana nilikwenda. Nilichagua saa ambayo duka huwa na watu, kwa kuwa wewe ulimsema mbele ya wateja.

"Hodi, Baba Asha."

"Karibu, Mwalimu. Leo ni friji au redio?"

"Leo ni mimi."

"Umeharibika wapi?"

Nikamweleza yote. Unanijua nikianza kueleza. Nilichukua chaki, nikachora mteremko wa Makote juu ya meza yake, nikachora gari, trei, mpira, vidole viwili. Aliniacha nimalize. Wateja nao waliinama kuangalia mchoro. Mmoja akaniuliza kwa nini maji hayapandi, na, Mungu anisamehe, nilifurahi kuulizwa.

"Nilijua tangu siku niliyokuja kuangalia," akasema Baba Asha. "Kamba ilikuwa na mafundo matatu. Fundi hafungi mafundo matatu, atafungua saa ngapi?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Mtoto amekasirika, mama yake amenyamaza. Nikaona hayo ni ya nyumbani kwenu."

Hakuyasema kwa ukali. Afadhali angeyasema kwa ukali.

Kisha akanitazama kama mtu mwenye swali lililomkaa siku nyingi. "Lakini Mwalimu, yale maji ulikuwa unayataka kweli?"

"Nilikuwa nayataka."

"Sasa kwa nini hukuweka ndoo chini ya gari?"

Duka zima lilicheka, nami nikacheka mpaka nikaomba kiti. Umeona ile ndoo ya bluu yenye kifuniko niliyoiweka jana nyuma ya benchi, ukaniuliza ni ya nini? Ni ya hiyo. Ukiegesha, iweke chini, penye matone.

Nilimwambia pia kwamba wewe hujui lolote, kwamba hasira yako ilikuwa ya haki ila ilipelekwa kwenye mlango usio wake. Akatikisa kichwa. "Yule mtoto alisahau salamu siku ile," akasema, "lakini adabu anayo." Akainama chini ya meza akatoa kifuko cha kitambaa. Ndani yake mna nati mbili za akiba, vipande vya raba kwa ajili ya miguu ya mashine, na spana ndogo aliyoitia alama kwa rangi, ujue pa kuacha kukaza. Nikanyoosha mkono. Akakirudisha kwake.

"Aje achukue mwenyewe."

"Ataona aibu, Baba Asha."

"Aje nayo. Haitanijazia duka."

Mwanangu, nimefikiri sana ni nini nikupe cha kuondokea. Pima maji yangu nimeiweka kwenye droo ya lenzi. Ukifika kijijini iweke sakafuni kabla hujafungua mapazia, ikuonyeshe gari limesimamaje. Lakini ningepewa nafasi ya kukupa kitu kimoja tu, ningekupa kile ambacho sikuwa nacho pale mlangoni kwa Baba Asha, wakati sentensi ilikuwa fupi na bado rahisi. Kila siku niliyoichelewesha iliongezeka neno moja, na sasa imekuwa barua ndefu hivi. Nilikuwa mwalimu mzuri wa kusahihisha madaftari ya wengine. La kwangu nililifunga nikalikalia.

Nisamehe, mama. Ukikasirika, kasirika, una haki, na barabara ya Chiungutwa ina mashimo ya kutosha ya kutikisia hasira. Baba yako anasema utakuwa umecheka kabla hujafika kijiji cha tatu. Mimi nimesema cha nne. Utupigie simu utuambie nani kapatia.

Barua hii nitaifunga kwa mpira kwenye usukani, ili usiweze kuondoka bila kuishika. Ukimaliza kuisoma, usiwashe gari kwanza. Nenda kwa miguu mpaka nyuma ya soko, asubuhi hiyohiyo, simama mlangoni kwa Baba Asha, na kabla hujasema neno jingine lolote, mwambie shikamoo.

Mama yako